Riali mia za binti yangu zinapungulia wapi njiani?

SWALI: Assalamu alaykum kaka. Niko Tanga, nauza kanga na madera. Binti yangu yupo Muscat, na kila mwezi hunitumia riali 100. Nikipiga hesabu kwenye simu naona laki sita hamsini na tano na ushee, lakini mkononi napokea laki sita ishirini na saba. Wakala nikimuuliza, jibu lake ni moja: "ndiyo reti ya leo, mama." Nikivuka mpaka wa Horohoro kwenda Mombasa kufuata mzigo, mambo ni yaleyale: ubao una bei mbili, na mimi sijui ipi yangu. Kaka, nani ananila? Na la mwisho: marehemu baba aliacha noti ya dola mia ya 1990, dukani wameikataa. Ni bandia?

JIBU: Waalaikum salaam, dada yangu. Nimekaa miaka nyuma ya kioo cha duka la kubadilishia fedha, na swali lako nimeulizwa mara nyingi huku foleni ikiwa ndefu, nikajibu kama alivyokujibu huyo wakala. Leo foleni haipo. Hakuna aliyekuibia, ila waliokula wapo, na kila mmoja kala mahali pake. Twende nao mmoja mmoja. Namba nitakazotumia ni za mfano, maana bei ya leo si ya kesho.

Tuanze na simu. Ile namba unayoiona ukiandika riali 100 kwa shilingi si bei ya mtu yeyote. Ni bei ya katikati, yaani wastani wa bei ambayo mabenki makubwa yananunuliana na bei ambayo yanauziana. Hakuna dirisha hata moja, Tanga wala Muscat, litakalokupa bei hiyo. Wewe mwenyewe kanga uliyoichukua kwa elfu kumi na mbili huiuzi elfu kumi na mbili. Dola, riali na shilingi ya Kenya ni bidhaa kama kanga: kuna bei ya kuchukulia mzigo na kuna bei ya kuutoa. Namba ya simu ina kazi yake, na ni kazi kubwa, lakini ni kazi ya rula. Unapimia nayo nani amekukata sana na nani amekukata kidogo.

Sasa ubao. Ukiona "kununua 2,500, kuuza 2,540" mbele ya dola, anayezungumza pale ni duka. Duka linanunua dola yako kwa 2,500, na duka linakuuzia dola yake kwa 2,540. Hapo katikati, 2,520, ndipo simu yako inapoonyesha, na zile shilingi 40 za tofauti ndizo zinazolipa kodi ya chumba, mlinzi na mshahara wangu wa zamani. Wateja wengi walikuwa wanasoma neno "kununua" wakidhani ni wao wanaonunua, wakishahesabiwa wanaanza ugomvi. Kama kukumbuka ni kazi, shika hivi: kati ya bei mbili za ubaoni, yako ni ile isiyokupendeza. Sijaona siku ilipokosea.

Nije kwenye riali, maana riali ina tabia yake. Tangu 1986 Oman imeifunga riali kwa dola: dola moja ni riali 0.3845, sawa na kusema riali moja ni dola 2.60. Januari mwaka ule waliishusha kidogo kutoka 0.3454, wakaifunga hapo, na haijasogea mpaka leo. Kwetu mwaka huohuo wa 1986, serikali ya Mzee Mwinyi iliishusha shilingi kutoka takriban 17 kwa dola hadi 40, na tangu hapo unajua mwenyewe ilivyotembea. Kwa hiyo ukisikia "riali imepanda," elewa kwamba riali haijaenda popote. Iliyosogea ni shilingi yetu mbele ya dola. Huna haja ya kuifuatilia riali hata siku moja. Fuatilia dola, uizidishe kwa 2.60, umemaliza.

Tufanye hivyo. Riali 100 ni dola 260.08. Kwa bei ya katikati ya 2,520 ni shilingi 655,400 hivi, na ndiyo namba iliyokupa matumaini. Wewe ulipokea 627,200. Pengo ni 28,200. Yamkini lilikatwa hivi: duka la Muscat lilichukua riali 2 za ada, zikabaki 98, kisha likazibadilisha kila riali kwa shilingi 6,400 badala ya 6,554 ya katikati. Ada peke yake ni kama shilingi 13,100. Zilizobaki, kama 15,100, zimeliwa ndani ya reti. Risiti ya binti yako imeandika riali mbili za ada kwa wino. Zile elfu kumi na tano hazijaandikwa popote, na hakuna anayeziita makato, maana ni bei tu.

Hapa ndipo penye ujanja wa biashara yetu. Duka la jirani litabandika tangazo kubwa: TUMA BILA ADA. Binti yako ataingia kwa furaha. Reti yao ni 6,250. Riali zote 100 zinabadilishwa bila kukatwa hata baisa moja, yaani senti ya Oman, na wewe unapokea 625,000, pungufu ya ulichopata kwa yule anayetoza ada. Ndiyo maana haitoshi mteja kuuliza "ada yenu ni kiasi gani" au "reti yenu ni ngapi." Kila moja peke yake nilikuwa na jinsi ya kuipamba. Swali lililokuwa linanifanya nikae vizuri kwenye kiti ni hili: "Nikikupa riali mia hizi hapa, sasa hivi, mama yangu Tanga atahesabu shilingi ngapi mkononi, kila kitu kikishakatwa?" Mwambie binti aliulize kwenye maduka matatu, pale Ruwi, mtaa wa Muscat, yamepangana, hatatembea sana. Anayetaja namba kubwa ndiye wake, ana ada au hana. Hakikisha tu na upande wako wa kupokelea hakuna makato ya kutolea, kwa sababu pesa ikiingia kwenye simu, kuitoa kwa wakala ni gharama nyingine ambayo duka la Muscat halihesabu.

Nikutulize kidogo: 28,200 kwa 655,400 ni kama asilimia 4.3. Kwa takwimu za Benki ya Dunia, kutuma dola 200 kuja nchi za Afrika kusini mwa Sahara kumekuwa kukigharimu karibu asilimia 8 kwa wastani, wakati lengo la Umoja wa Mataifa ni kushusha gharama iwe chini ya asilimia 3 ifikapo 2030. Uko katikati. Kuna nafasi ya kupunguza, lakini hujatapeliwa.

Jambo moja tu: ada ya riali 2 kwa kawaida haijali ukubwa wa pesa. Akituma riali 25 kila wiki anakatwa riali 8 kwa mwezi badala ya 2. Najua shida haisubiri mwisho wa mwezi, mtoto akiugua leo anaugua leo, lakini pesa ya kawaida ya matumizi ije mara moja. Na likizo akirudi, asije na noti za riali mfukoni. Tanga wanaotafuta riali taslimu ni wachache, na duka lisilojua litamuuzia nani hujikinga kwa kuinunua kwa bei ya chini. Abadilishe kulekule iwe dola, ambako bei haina cha kupotea sana, tena achukue noti za hamsini na mia, mpya. Noti za dola moja, tano na kumi maduka mengi ya kwetu huzinunua kwa bei ya chini kuliko za mia. Ni dola zilezile, lakini kuzihesabu, kuzihifadhi na kuziuza tena ni usumbufu, na usumbufu unatozwa.

Sasa tuvuke Horohoro.

Una njia mbili. Ya kwanza, unanunua dola Tanga, unaziuza Mombasa. Ya pili, unabeba shilingi zetu na kuzibadilisha moja kwa moja mpakani. Watu hudhani ya pili lazima iwe nafuu kwa sababu unakatwa mara moja badala ya mbili. Si lazima. Dola inauzwa na kununuliwa kutwa nzima, kwa hiyo pengo lake ni jembamba. Shilingi yetu ikiwa Mombasa, au ya Kenya ikiwa Tanga, pengo lake linaweza kuwa pana kuliko mapengo mawili ya dola ukiyajumlisha. Piga hesabu: dola 1,000 kwa 2,540 ni shilingi 2,540,000. Duka la Mombasa likizinunua kwa 128.50, unapata shilingi 128,500 za Kenya. Gawa: 2,540,000 kwa 128,500 unapata 19.77. Hiyo ndiyo bei yako halisi ya shilingi moja ya Kenya kwa njia ya dola, na ndiyo mstari wako. Mtu wa mpakani akikuuzia kwa 20, utapata 127,000, umepoteza 1,500 za kwao, karibu elfu thelathini zetu. Akikuuzia 19.60, kamata haraka, amekushinda mwenyewe: utapata kama 129,590.

Ila kamata dukani, kwenye kioo na risiti. Wale vijana wenye mabunda mikononi, wanaokufuata kabla basi halijasimama, bei yao huwa nzuri kwa sababu haina kodi wala leseni, na mara nyingine huwa nzuri kwa sababu bunda limekunjwa noti kumi zikahesabika kumi na mbili. Nimeona vidole vinavyofanya kazi hiyo na bado sijui vinafanyaje. Njia nyingine ni kumlipa mwenye duka kwa simu kabisa. M-Pesa ya Vodacom na ya Safaricom zinatumiana tangu 2015, na hapo napo unapima kwa mstari uleule: nitakatwa shilingi ngapi zangu, na yeye wa Biashara Street atapokea ngapi zake.

Kuhusu kuzidisha na kugawa, usione aibu. Mimi nililipishwa kwa hilo. Mwaka wangu wa kwanza kazini alikuja mzee na shilingi 500,000 za Uganda. Siku hizo shilingi moja yetu ilikuwa kama 1.5 ya Uganda. Nilitakiwa kugawa, nimpe 333,333. Nikazidisha, nikampa 750,000. Mzee akahesabu taratibu, akaniombea dua ndefu, akaondoka. Zaidi ya laki nne, nikakatwa mshahara kwa miezi. Ingekuwa shilingi za Kenya nisingekosea, kwa sababu ukigawa kwa kumi na tisa badala ya kuzidisha, kosa linajipigia kelele lenyewe. Balaa ni zile pesa zinazokaribiana, jibu baya nalo linafanana na jibu zuri. Tangu hapo, kabla sijagusa kikokotoo, najiuliza kwa sauti: nikienda upande wa pili, tarakimu zitaongezeka au zitapungua? Riali kuja shilingi, zitaongezeka, zidisha. Shilingi yetu kwenda ya Kenya, zitapungua, gawa. Halafu jibu nalirudisha nyuma nione kama linanifikisha nilikoanzia.

Umeniuliza nani anakula, na mpaka hapa nimekutajia vibanda vyenye milango. Lakini mlaji mkubwa kuliko wote hana mlango: ni bei ya dola yenyewe ikisogea. Mwanzoni mwa 2024 dola moja Kenya ilikuwa imefika kama shilingi 160 za kwao. Watu walikuwa na hofu: mwezi Juni serikali ya Kenya ilikuwa na deni la dola bilioni 2 la kulipa kwa mkupuo, na hakuna aliyekuwa na hakika kwamba litalipwa. Februari wakakopa upya dola bilioni 1.5 wakaanza kulilipa mapema. Hofu ikaisha, waliokuwa wamekalia dola wakaziachia, na katika wiki chache dola ikaporomoka hadi kama 130. Huku kwetu dola ilikuwa inapanda polepole. Matokeo yake, shilingi ya Kenya uliyokuwa unaipata chini ya 16 zetu mwezi Januari, katikati ya mwaka uliinunua zaidi ya 20. Dera la shilingi 800 pale Mombasa halikubadilishwa bei hata senti, lakini kwako lilitoka kama 12,800 likawa 16,000 na zaidi. Kama mwaka ule uligombana na mwenye duka kwamba amepandisha, muombe radhi.

Riali za binti nazo zilipita hapo. Mwaka huohuo dola ilipanda kwetu hadi ikavuka 2,700, halafu Desemba ikashuka hadi karibu 2,400. Kwa bei ya katikati, riali 100 zilikuwa laki saba na ushee, zikaja kuwa 624,000 hivi. Tofauti ni kama elfu sabini na nane, karibu mara tatu ya ile 28,200 iliyokukosesha usingizi. Tena kuna msimu ndani yake: nusu ya pili ya mwaka watalii wanaingia na mazao yanauzwa nje, korosho ikianza Oktoba, dola zinakuwa nyingi na shilingi inapata nguvu, miezi ya mwanzo wa mwaka dola huadimika. Nakwambia hivi ili uelewe, si ili ucheze nayo. Pesa ya unga na ada ya shule haisubiri msimu. Lakini kama binti anaweka akiba ya kujenga, akiba hiyo ikae kwenye riali yake kulekule mpaka fundi aitwe. Hapo hata mimi ningefanya hivyo.

Na usiniulize kwa nini shilingi moja ya Kenya ni kumi na tisa zetu, kana kwamba Mkenya mmoja ana nguvu za Watanzania kumi na tisa. Ukubwa wa tarakimu hausemi hivyo. Yeni ya Japani inahitajika zaidi ya mia kupata dola moja, na Japani si maskini. Mama zetu walitumia shilingi moja ya Afrika Mashariki, Tanga, Mombasa na Kampala. Pesa ile haikubadilishwa mpakani kwa sababu ilikuwa ileile. Mwaka 1966 kila nchi ikachapisha yake, na siku ya kwanza zote tatu zilikuwa sawa, moja kwa moja, dola ikiwa shilingi 7 na senti 14. Kilichofuata ni mfumuko wa bei wa kila mmoja nyumbani kwake. Uganda hata ilifuta sifuri mbili mwaka 1987, kwa hiyo tarakimu zao za leo zingekuwa na sifuri mbili zaidi. Ukitaka kujua nani imara, usiangalie tarakimu ni ngapi, angalia zimesogea kiasi gani ndani ya mwaka.

Noti ya marehemu baba, Mungu amrehemu. Kukataliwa si ushahidi kwamba ni bandia. Marekani haijawahi kuzifuta noti zake za zamani, na ya 1990 ni halali kwao mpaka leo. Ila maduka ya kwetu huogopa zile za "kichwa kidogo," zilizokuwepo kabla muundo haujabadilishwa mwaka 1996, kwa kuwa hazina alama nyingi za kuzitambua na wanunuzi wao nao huzikataa. Wengi hukataa hata za miaka ya karibuni zaidi. Atakayejitolea kuinunua mtaani atakupa nusu ya bei huku akisikitika. Usimpe. Piga simu benki, tawi kubwa, uulize kama wanaipokea kwa uhakiki na kwa makato gani. Wakikataa, iweke ndani ya kitabu, isikunjwe wala kuandikwa kalamu, mpaka apatikane ndugu anayesafiri kwenda Marekani. Akifika ataipeleka benki, na ikiwa si bandia atapata mia nzima.